Sahani ya Mashine ya Kupandia

Nyanchera alikuwa na kazi tatu kila asubuhi kabla ya masomo. Ya kwanza ilikuwa kumshika ndama wakati mama yake, Bathsheba, akimkamua ng'ombe. Ya pili ilikuwa kubeba mkebe wa maziwa hadi barabarani, mahali lori la chama cha ushirika lilipopita kuyachukua. Ya tatu, ambayo hakutumwa na mtu, ilikuwa kukimbia. Alikimbia kutoka barabarani hadi shuleni ili afike kabla ya kengele, na kwa kuwa umande wa kwao Borabu hauna huruma, alifika miguu imekufa ganzi lakini uso umejaa kicheko.

Kengele yenyewe ilikuwa sahani ya chuma, nene na ya duara, iliyoning'inizwa kwa waya kwenye mkaratusi mbele ya ofisi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Josiah, aliigonga kwa bolti kubwa, ikalia ti! ti! ti! hadi ng'ambo ya mto. Nyanchera ndiye aliyeileta mwaka uliotangulia, alipokuwa darasa la tano, baada ya kengele ya zamani kupasuka. Shule nzima ilimpigia makofi siku hiyo.

"Umeipata wapi, Nyanchera?" Mwalimu Josiah alimwuliza.

"Njiani, Mwalimu. Njia ya kwenda Keroka."

Hiyo haikuwa kweli. Nyuma ya boma lao, karibu na shamba la maua ya pareto, kulikuwa na dude la chuma lililozama kwenye nyasi. Lilikuwa na magurudumu mawili makubwa, masanduku mawili ya bati nene juu yake, na mkono mrefu mbele. Familia zilizogawiwa mashamba huko baada ya Uhuru zililikuta hapo hapo. Mzungu aliyekuwa na shamba alikuwa amekwenda zake, wafanyakazi wake wametawanyika, na hakuna aliyebaki wa kueleza lilikuwa la kazi gani. Baba yake Nyanchera, Mzee Manasseh, alikataza watoto wasilikaribie kwa sababu ya nyoka na vyuma vyenye kutu. Nyanchera alilikaribia. Sanduku moja lilikuwa limeshikwa na kutu kabisa, lakini la pili lilifunuka, na ndani, chini kabisa, akaona sahani ya chuma. Akaitoa. Kama angesema alikoitoa, fimbo ya baba ingemhusu. Ndipo akaitaja njia ya Keroka, akapigiwa makofi, na baada ya wiki mbili alikuwa karibu amesahau.

Ilipofika Februari mwaka wa 1970, wanakamati wa wakulima walikuja kukagua mahali pa kujenga josho la ng'ombe. Walisimama mbele ya lile dude wakilitazama kama watu wanaotazama mgeni asiyesalimia.

"Hiki ni kitu cha kunyunyizia pareto dawa," alisema jirani yao, Mzee Obwocha. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, ambaye shamba lake lilipakana na la akina Nyanchera.

"Hapana," alisema Bwana Momanyi, bwana shamba, akirekebisha kofia yake. "Hiki ni cha kumwaga mbolea. Tulionyeshwa picha chuoni."

"Picha yenyewe ilikuwa na kutu hivi?" Obwocha aliuliza, na watu wote wakacheka, hata Bwana Momanyi.

Mwenyekiti wa kamati hakuwa na muda wa kubishana. Lori la kukusanya vyuma chakavu lingepita baada ya wiki mbili, akasema, na dude hilo lingeondoka nalo.

"Mwenyekiti, tusitupe kitu ambacho hatukijui," Manasseh alisema. "Mwaka jana tulipanda kwa jembe, mvua ikatupita. Nusu ya mahindi yetu yaliota yamechelewa, na mwezi wa Juni tulikuwa tunanunua unga. Trekta ya chama inalima haraka, lakini kupanda bado ni kwa mikono yetu. Kama kitu hiki kinaweza kutusaidia hata kidogo, nipeni hizo wiki mbili."

Wakampa. Siku hiyo hiyo, Alhamisi, Manasseh alikwenda Keroka kumwita Fundi Jethro, mtu mnene mwenye mikono myeusi kwa grisi, aliyetengeneza vinu vya kusagia na baiskeli za nusu ya wilaya. Jethro alifika Ijumaa asubuhi na sanduku la spana. Alilizunguka lile dude mara tatu, kisha akapiga magoti na kuanza kuling'olea nyasi kama mtu anayemnyoa mtoto.

"Unaonaje, Fundi?" Manasseh aliuliza.

"Naona magurudumu, naona mnyororo kama wa baiskeli unaotoka kwenye gurudumu kwenda juu, na naona mabomba mawili yanayoshuka hadi chini. Kuna kitu kilikuwa kinatoka kwenye masanduku na kuanguka udongoni. Ni kitu gani, sijui. Lazima nifungue hili sanduku lililoganda."

Alijaribu spana, likakataa. Alijaribu nyundo, likakataa kwa kelele zaidi. Jua lilipoanza kuinama, Jethro alichukua chupa ya mafuta ya taa, akazimiminia bolti zote, akafunga vyombo vyake.

"Mbona unaacha?" Nyanchera aliuliza. Alikuwa amekaa karibu akipukuchua mahindi ya mbegu kwenye ungo.

"Binti yangu, Sabato inaingia. Sisi kesho tutakuwa kanisani, na mafuta ya taa yatakuwa hapa yakila kutu polepole. Jumapili utaona."

Na Jumapili waliona. Bolti zilizokuwa zimekataa nyundo zilizunguka kwa spana ndogo. Jethro aliinua sanduku, akapangusa ndani kwa brashi ya waya, na sahani ya chuma ikaonekana imelala chini: nene, ya duara, na ukingoni mwake vitundu kumi na sita vimechongwa kwa mpangilio.

Nyanchera aliitambua mara moja. Ilikuwa pacha wa kengele ya shule.

"Mbolea haipiti kwenye vitundu vidogo hivi," Jethro alinong'ona kama anayejisemesha. "Wala dawa ya maji."

Nyanchera alikuwa ameinama kutazama, ungo mkononi. Punje chache zikamwagika, na moja ikaviringika juu ya sahani, ikaingia kwenye kitundu, ikatulia humo kana kwamba ilipimiwa. Nyanchera akachukua punje nyingine, akaiweka kwenye kitundu cha pili. Ikaenea vile vile. Akaweka ya tatu, ya nne, ya tano.

"Fundi," alisema, sauti ikipanda, "zungusha gurudumu!"

Jethro aliupaka mnyororo grisi, akalisukuma gurudumu kwa mikono miwili. Chuma kililia, kikasita, kikakubali. Mnyororo ukatembea, sahani ikaanza kuzunguka polepole, na chini, kwenye mdomo wa bomba, punje moja ikadondoka. Kisha nyingine. Kisha nyingine, kila moja kwa zamu yake.

"Mahindi!" Bathsheba alipaza sauti kutoka mlango wa jikoni, akaja mbio na mwiko mkononi. "Inapanda mahindi!"

Mzee Obwocha, aliyekuwa amekuja kutazama, alirusha kofia yake juu. "Mimi na dawa yangu ya pareto!" alisema akicheka hadi machozi. "Nani aende kumwambia Bwana Momanyi?"

Ni Jethro peke yake aliyeacha kucheka. Alikuwa amefunua sanduku la pili.

"Hapa hamna sahani," alisema. "Mashine hii inapanda mistari miwili kwa pamoja. Bila sahani ya pili inapanda mmoja, na trekta italazimika kupita shamba lile lile mara mbili. Chama hakitakubali. Trekta moja inahudumia watu thelathini." Alikuna kichwa. "Kuchonga nyingine siwezi. Hiki ni chuma cha kuyeyushwa na kumiminwa. Lazima ipatikane hii hii."

Manasseh alisema itakuwa imeanguka kwenye nyasi. Kwa siku mbili walifyeka eneo lote. Bathsheba alichimbua kwa jembe palipokuwa na udongo laini. Nyanchera naye alitafuta pamoja nao, akiinama na kuinuka, akijua vizuri kuwa wanachotafuta kinaning'inia mtini umbali wa nusu saa. Kila alipofungua mdomo kusema, aliwakumbuka wenzake waliompigia makofi mwaka uliopita, akaufunga tena. Chakula cha jioni kilikuwa ugali na chinsaga iliyochanganywa na maziwa, mboga aliyoipenda kuliko zote, lakini alikula tonge tatu tu, akasema ameshiba.

Jumanne jioni Manasseh alisimama ugani, amechoka, akatazama ng'ambo ya ua.

"Obwocha ana vyuma vingi pale kwake," alisema. "Na alikuwa na haraka sana ya kusema hiki ni kitu cha pareto."

"Baba Nyanchera, usiseme hivyo," Bathsheba alimwonya.

Lakini alikwishasema, na sauti yake ilikuwa imevuka ua. Obwocha alitokea taratibu. Safari hii hakuwa na mzaha usoni.

"Manasseh," alisema, "tulihamia huku siku moja, tukalala chini ya turubai moja mpaka nyumba zetu zikaisha. Njoo upekue kwangu. Pekua jikoni, pekua ghalani, pekua chini ya kitanda. Ukimaliza, usinisalimie tena."

Akageuka, akaenda. Manasseh alibaki amesimama, na Nyanchera aliona kuwa baba yake ameaibika lakini hajui pa kuanzia. Huo ndio usiku alioamua.

Asubuhi, ndama akiwa amefungwa na maziwa yako kwenye mkebe, alimkuta baba yake akinoa fyekeo.

"Baba, usinoe. Sahani haiko kwenye nyasi."

Manasseh aliinua kichwa.

"Ni ile kengele ya shule. Mimi ndiye niliyeitoa kwenye sanduku mwaka jana, ingawa ulitukataza. Mwalimu nilimdanganya kuwa niliiokota njia ya Keroka. Mzee Obwocha hajachukua kitu." Kisha akaanza kulia.

Manasseh hakuchukua fimbo. Alilifuta fyekeo kwa nyasi, polepole, hata Nyanchera akatamani afadhali angechapwa.

"Ungalisema juzi," baba alisema mwishowe, "mimi nisingalimtukana rafiki yangu. Futa machozi. Tuna nyumba mbili za kwenda, na kwa Obwocha ndiko kwanza. Mimi nitamwomba msamaha kwa ajili ya ulimi wangu, wewe kwa ajili ya kunyamaza kwako."

Walimkuta Obwocha akifungua mbuzi. Manasseh alivua kofia, akasema yake bila kujitetea. Nyanchera akasema yake, macho chini. Obwocha alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akashusha pumzi.

"Kwa hiyo mwaka mzima mwizi wangu amekuwa akiniamsha kwa ti, ti, ti," alisema. Kicheko kilikuwa kinamjia, ingawa alikizuia. "Nendeni. Chukueni hiyo sahani. Mambo mengine tutayazungumza mahindi yakiota."

Kwa Mwalimu Josiah ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamejipanga gwaride. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza Nyanchera kama yuko tayari kusema maneno yale yale mbele ya wenzake. Nyanchera alipanda kwenye jiwe la kusomea taarifa, akasema. Hakuna aliyempigia makofi. Mvulana mmoja wa darasa la saba aliguna. Lakini aliposhuka, kifua chake kilikuwa chepesi, na Mwalimu Josiah mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye benchi kuufungua ule waya.

"Na sisi tutagonga nini?" aliuliza Mwalimu.

"Fundi Jethro ana springi kuukuu za lori, zile bapa zinazolia kama kengele," Manasseh alijibu. "Leo mchana utaletewa moja."

Kazi haikuishia hapo. Jethro alipoipokea sahani alitikisa kichwa. Kugongwa kwa bolti mwaka mzima kulikuwa kumepondaponda ukingo, na vitundu saba vilikuwa vimebana. Punje haikuingia.

"Inatengenezeka," alisema. "Lakini kwa tupa, kidogo kidogo. Ukikata zaidi ya kiasi, zitaingia punje mbili mbili, na sahani imekwisha. Mimi nina magurudumu na mnyororo wa kushughulikia. Nani ana subira?"

"Mimi," Nyanchera alisema.

Jethro alimfundisha jinsi ya kushika tupa kwa mikono miwili, kusukuma mbele na kuinua wakati wa kurudi, na kupima kwa punje baada ya kila misukumo kumi. Kila alasiri baada ya shule, na Jumapili pia, alikaa kwenye kigoda, sahani imebanwa kati ya mawe mawili. Siku ya kwanza alimaliza kitundu kimoja, akapata malengelenge mawili. Siku ya pili mama yake alimfunga vidole kwa kitambaa, akamaliza viwili. Mzee Obwocha alipita njiani, akasimama, akatazama, akaendelea na safari yake. Siku iliyofuata alipita tena na ndizi mbivu, akaziweka karibu na kigoda, akaenda zake. Siku ya sita kitundu cha saba kilikubali punje yake.

Wakati huo Jethro na Manasseh walikuwa wamepangusa kila chuma, wamepaka grisi, na wameziba tundu la sanduku kwa kipande cha bati. Siku moja kabla ya zile wiki mbili kutimia, trekta ya chama ilifika. Mashine ikafungwa nyuma, ikavutwa kwanza barabarani, palipo pagumu, ili punje zionekane. Wanakamati walifuata nyuma wakiwa wameinama kama kuku wanaodonoa. Bwana Momanyi alikuwa na kijiti cha kupimia.

"Mstari wa kushoto sawa!" alitangaza. "Wa kulia… sawa… sawa… hapa pameruka!"

Trekta ikasimama. Wote wakamtazama Nyanchera. Alihesabu kutoka pengo hadi pengo kwa vidole: kila baada ya punje kumi na tano, moja ilikosekana. "Ni kitundu kimoja tu," alisema. Alifunua sanduku mwenyewe, akakipata kitundu kilichobana, akakipiga tupa misukumo mitano, akapima, akaongeza miwili. Trekta ikarudia. Safari hii Bwana Momanyi alitembea hadi mwisho wa mistari bila kutangaza pengo, akageuka, akainua kijiti chake juu.

"Na mimi niliyesema ni ya mbolea," alisema, "naomba yasahaulike."

Mwenyekiti akauliza ianzie shamba la nani, kwani mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Langu litangoja," alisema Manasseh. "Ianzie kwa Obwocha."

Katika siku tisa mashine hiyo ilipanda mashamba ishirini na mawili, na siku ya kumi mvua kubwa ikaanza. Lori la vyuma chakavu, lililokuwa limechelewa, lilikuja likaondoka tupu, dereva wake akilalamika juu ya matope.

Baada ya wiki mbili Mzee Obwocha alimwita Nyanchera shambani kwake. Mahindi yalikuwa yameota, majani mawili mawili, mistari imenyooka hadi chini bondeni.

"Unaona nini?" alimwuliza.

"Mahindi, Mzee. Yameota vizuri."

"Mimi naona zaidi ya hayo. Kwa usiku mzima, baba yako aliniona kama mwizi. Hukusema mimi ni mwizi, ni kweli. Ulinyamaza tu. Lakini kunyamaza kwako ndiko kulikonivika kosa lako. Unaelewa?"

"Naelewa, Mzee. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ya malengelenge. Nilisema moyoni, huyu si mtoto wa kusema samahani na kwenda kucheza. Ametia mikono yake kwenye kosa mpaka limetengenea. Basi shika hilo. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa mzigo wako. Na ukishasema, usikae ukingoja kusifiwa kwa kusema ukweli. Inuka urekebishe ulichoharibu. Watu wengi wazima wanajua la kwanza, la pili linawashinda."

Nyanchera aliitikia kwa kichwa. Kisha macho yake yakatua kwenye mstari wa pili.

"Mzee, pale hapajaota. Na pale. Na kule karibu na jiwe."

"Hayo si ya sahani yako," alisema Obwocha akicheka. "Hayo ni ya kunguru. Waache, nao wana watoto."

Lakini Nyanchera alikuwa amekwishachukua jembe lililoegemea ua. Obwocha alimmiminia konzi ya mbegu kiganjani, akamfuata nyuma, na pamoja wakaanza kuyajaza yale mapengo, moja baada ya jingine, huku mzee akimsimulia jinsi turubai lake na Manasseh lilivyovuja siku ya kwanza walipohamia Borabu.